Baba anaweweseka ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) baada ya upasuaji wa moyo

Pole sana dada. Baba kuona watu ukutani na kukuita jina la shangazi, siku ya pili baada ya upasuaji wa moyo, si kurukwa na akili. Kuchanganyikiwa huku huwapata wengi ICU, hasa wazee, kwa sababu ya dawa za usingizi, maumivu, taa na milio ya mashine usiku kucha. Mara nyingi huisha ndani ya siku chache. Hata hivyo mwambie muuguzi leo hii, maana homa au oksijeni kushuka navyo humchanganya mtu. Ukiona mdomo umepinda au mkono umelegea, ita msaada papo hapo.

Mpelekee miwani yake. Nawa mikono, mshike, mtajie siku na mahali alipo, wala usibishane naye kuhusu hao watu. Akikohoa, akumbatie mto kifuani. Mfupa wa kifua uliokatwa wakati wa upasuaji bado haujaunga.