Kukusanya shoo za Dylan: usianze na wingi

Ndugu yangu, umeuliza uanzie wapi kukusanya rekodi za shoo za Bob Dylan, yule mwanamuziki wa Marekani, toka ujana wake mpaka uzeeni bila kuzama. Mi nakushauri usidaunlodi kila unachokiona, chagua vipindi, kila kipindi shoo moja mbili na uzisikilize kweli. Anza na Philharmonic Hall, New York, Oktoba 31, 1964, yuko na gitaa na hamonika tu, anacheka na watu, halafu rukia Manchester, Mei 17, 1966, ambapo nusu ya pili anapiga na bendi ya magitaa ya umeme na mtu ukumbini anampigia kelele anamwita Yuda, yaani msaliti kwa kuacha gitaa la kawaida, aisee ile mpaka leo inanisisimua. Hiyo ya Manchester ilizunguka miaka mingi kimagendo ikiitwa ya Royal Albert Hall, ukumbi wa London, ikatoka rasmi 1998, kwahiyo usiamini tu lebo, hakikisha tarehe na ukumbi kabla hujahifadhi. Kisha ziara ya Rolling Thunder ya 1975, sauti yake pale ina moto, na baada ya hapo ile ziara ndefu ya shoo iliyoanza 1988, hapo ndo kwenye bahari yenyewe, nenda polepole.

Mafaili tunza FLAC, aina ya faili inayobana sauti bila kupoteza kitu, ukigeuza kuwa MP3, inayobana kwa kukata sehemu ya sauti, kilichopotea hakirudi hata ukirudisha FLAC. Jina la folda lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha mji, zitajipanga zenyewe. Ile faili ya maandishi inayokuja na rekodi, yenye maelezo ya shoo kama tarehe na ukumbi, usiifute kabisa! Kopi weka diski mbili, na zilizotoka rasmi nunua.