Lagranjiani: usianze na fomula, anza na jiwe

Jamani mnaosoma fizikia chuo, mkifika topiki ya Lagranjiani msikimbilie kukariri ekwesheni ya Euler-Lagrange. Najua madesa yanaanza nayo na paper inaitaka, ila nimekaa na wadogo zangu kwenye diskasheni vya kutosha, na aliyeanza na fomula anadifarenshieti vizuri tu halafu ukimuuliza hii T kutoa V (nishati ya kinetiki kutoa ya potenshali, ndo Lagranjiani yenyewe) inatafuta nini, kimya.

Shika kalamu. Jiwe la kilo 1 unalirusha juu wima, linarudi mkononi baada ya sekunde 2, g weka 10 tu tusisumbuane. Katikati hapo lingeweza kupita kivyovyote, sasa kwa kila njia unayoibuni chukua kinetiki utoe potenshali, ujumlishe kwa sekunde zote mbili, yaani integrali, utakachopata ndo aksheni. Jiwe likibaki mkononi muda wote, aksheni ni 0. Likipanda kwa spidi moja mpaka mita 5 likageuka ghafla likashuka kwa spidi hiyohiyo, unapata −25. Halafu weka njia yake ya kweli, y = 10t − 5t² (y ni kimo kutoka mkononi, t ni muda), inakuja kama −33.3, na buni nyingine yoyote inayoanza na kuishia palepale, chini ya hapo hushuki. Ukiangalia vizuri utaona sababu: likipanda potenshali inakua na kwa vile inatolewa aksheni inashuka, ila likitaka kupanda mno ndani ya muda uleule lazima likimbie sana, kinetiki inakula faida yote. Hiyo ndo kanuni ya mwanahisabati Hamilton, aliitoa miaka ya 1834 na 1835, na Euler-Lagrange ni njia ya mkato tu ya kuipata njia hiyo bila kubuni buni.

Baada ya hapo nenda kwenye pendulamu, tumia engo peke yake, achana na x na y. Mvutano wa kamba uliokuwa unakutesa kwa Newton hautouona popote, na masi inakatika yenyewe. Halafu chora! Lagrange mwenyewe kwenye kitabu chake Mécanique analytique cha 1788 alijisifu kwamba hakuna mchoro hata mmoja humo, sawa, yeye alikuwa Lagrange.

Kwenye mtihani usiandike aksheni lazima iwe ndogo kuliko zote. Kwa jiwe letu ni kweli, ila pendulamu inayobembea kidogo ukiifuatilia zaidi ya nusu ya pirioda (muda wa kwenda na kurudi mara moja) siyo kweli tena, kinachobaki ni kwamba ukiisogeza njia kidogo sana aksheni karibu haibadiliki. Na swali likiwa na msuguano T kutoa V peke yake haitoshi, ile sifuri ya upande wa kulia wa ekwesheni ya Euler-Lagrange itoe, uweke fosi ya msuguano.