Kanada Si Mlango wa Uani wa Marekani

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na mara zote mbili nimekasirika. Sijakukasirikia wewe, nimemkasirikia huyo wakala wa hapo Mombasa. Anakwambia Marekani na Kanada ni nchi moja yenye bendera mbili: chukua viza ya matembezi ya Marekani, fikia kwangu mimi mjomba wako hapa Buffalo, mji wa Marekani ulio mpakani na Kanada, ukibanwa vuka daraja ukaombe hifadhi upande wa pili, maana Kanada hawamrudishi mtu. Na kwa maneno hayo anataka laki nne. Usimpe hata shilingi.

Uongo wake unauzika kwa sababu ndani yake mna historia ya kweli. Nchi zote mbili zilitawaliwa na Mwingereza. Makoloni 13 ya kusini yakatangaza uhuru 1776 na kuupigania. Ya kaskazini yakabaki na mfalme. Vita vilipokwisha 1783, walioshikamana na mfalme walikimbilia kaskazini, wakiwemo Weusi wapatao 3,000 walioahidiwa uhuru na ardhi huko Nova Scotia, mkoa wa Kanada ya leo. Ardhi ikacheleweshwa, na wengi waliopata walipewa mawe matupu. 1792 karibu watu 1,200 kati yao wakapanda meli katika bandari ya Halifax, wakaenda kuanzisha Freetown, Sierra Leone. Hata hivyo mwaka uliofuata Upper Canada, ndiyo Ontario ya leo, ilipiga marufuku kuingiza watumwa wapya, na 1834 utumwa ukafutwa katika makoloni ya Mwingereza. Kwa hiyo Marekani ilipotunga sheria ya 1850 ya kuwakamata watumwa waliotoroka hata kwenye majimbo yasiyo na utumwa, maelfu walivuka. Harriet Tubman, mwanamke Mweusi aliyetoroka utumwa mwenyewe, aliwafikisha watu St. Catharines, Ontario, na kutoka hapa nilipo kwenda huko kwa gari haifiki saa nzima.

Kuvuka huku kuliwaokoa watu kwa sababu serikali mbili zilikuwa hazielewani juu yao. Sasa zinaelewana. Zimewekeana saini, na hapo ndipo wakala wako ananyamaza.

Tangu 29 Desemba 2004 pana mkataba uitwao wa Nchi ya Tatu Salama: mtu aombe hifadhi katika nchi aliyofika kwanza kati ya hizo mbili. Ukitembea mpaka kwenye kituo cha Peace Bridge, daraja la hapa Buffalo, useme unaomba hifadhi, afisa hakuulizi kwanza umekimbia nini. Anachukua alama za vidole, kisha anataka kujua kama uko ndani ya wale wanaosamehewa, na kuthibitisha ni juu yako. Anayesamehewa zaidi ni mwenye ndugu wa karibu Kanada mwenye hadhi inayokubalika: mzazi, mke, mtoto, kaka, dada, babu, hata mjomba na shangazi. Mjomba anahesabika, ndiyo, lakini mimi niko upande wa Marekani, kwa hiyo pale sikufai kitu. Bila ushahidi unarudishwa siku hiyo au inayofuata, unakabidhiwa kwa maafisa wa Marekani, na wao wanaweza kukuweka ndani. Huko nako ombi la hifadhi linatakiwa ndani ya mwaka 1 tangu uingie. Wengi hugundua hilo mwaka ukiwa umepita.

Zamani palikuwa na tundu. Mkataba ulihesabu vituo rasmi tu, basi watu wakawa wanapitia Roxham Road, kijia cha mashambani karibu na Champlain, jimbo la New York, wanatokea Quebec wakiwa nje ya kituo. Huyo wakala bado anauza habari za wakati huo. Tundu lilizibwa 25 Machi 2023: mkataba sasa unashika mpaka wote wa nchi kavu, mito na maziwa, na ukikutwa umeingia chini ya siku 14 unarudishwa vilevile. Akikwambia ujifiche msituni mpaka siku ziishe, kumbuka Januari 2022 karibu na Emerson, mji wa mpakani huko Manitoba, Kanada. Familia ya watu wanne kutoka India, mtoto mdogo akiwa na miaka 3, iliganda kwa baridi ikijaribu kuvuka kwenda Marekani, na miili ilikutwa mita chache tu kutoka mpakani. Baridi ya uwandani huko usiipime kwa baridi ya Limuru.

Huenda pia akakwambia viza ya Marekani inatosha kukuingiza Kanada kwa ndege. Tangu Juni 2023, raia wa baadhi ya nchi wenye viza halali ya Marekani ya kutembea au kusoma wanaweza kuruka kwenda Kanada kwa idhini ya mtandaoni ya dola 7 za Kanada badala ya viza, lakini Kenya haikuwekwa kwenye orodha hiyo.  Mkenya anatakiwa viza ya Kanada, aende kwa ndege, gari au basi. Tena hata ukiipata ni ya kutembea, na afisa wa uwanja wa ndege ana haki ya kukukatalia. Watanzania huku wana neno lao, kujilipua, yaani kuomba hifadhi kwa kisa cha kutunga. Usijilipue. Nchi hizi zinabadilishana alama za vidole, na aliyekwisha kuomba hifadhi Marekani, tangu 2019, kesi yake Kanada haifiki kwenye baraza la wakimbizi kwa njia ya kawaida. Kama kweli mtu anatishiwa maisha, hilo ni jambo jingine kabisa: amwone wakili kabla hajakanyaga kituo chochote. Wewe hutishiwi na mtu. Unatafuta kazi, na kutafuta kazi si aibu, ila kuna mlango wake.

Umeuliza pia kwa nini Kanada wanasifiwa huruma. Ni muundo wa serikali zaidi ya roho ya watu. Kanada haikupigana kujitoa. Iliundwa 1 Julai 1867 kwa sheria ya bunge la London, na mkuu wa nchi mpaka leo ni mfalme, anayewakilishwa na Gavana Mkuu. Sisi Kenya tuliishi hivyo mwaka mmoja tu, kuanzia 12 Desemba 1963, Malcolm MacDonald akiwa Gavana Mkuu wa Malkia. Katiba yao waliikabidhiwa kamili 1982, ikiwa na mkataba wa haki unaosema "kila mtu" pale ambapo ungeweza kusema "kila raia". 1985 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba "kila mtu" ni pamoja na mwomba hifadhi aliyeko nchini, na kwamba asikilizwe kwa mdomo wake. Sifa zinaanzia hapo. Ila mahakama hiyohiyo, Juni 2023, ilikataa kuuangusha mkataba wa mpakani kwa hoja ya haki ya uhai na usalama, ikarudisha chini hoja ya usawa pekee.

Halafu serikali ya huko ikitaka kugeuka haigeuki polepole. Oktoba 2024 walishusha idadi ya wakaaji wa kudumu wa 2025 kutoka 500,000 hadi 395,000, na ya 2026 hadi 380,000. Marekani ni kinyume: Congress, yaani bunge lao, imekwama, msamaha mkubwa wa mwisho ulikuwa wa 1986 ambapo watu wapatao milioni 2.7 walipata makaratasi. Tangu hapo rais mmoja anatoa amri, anayefuata anaifuta, na wewe uko katikati na karatasi inayokwisha muda.

Na ukija Marekani kwa njia yoyote, shika hili kuliko yote. Siku ya kwanza kazini utajaza fomu ya I-9, ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi. Ina visanduku vinne, na cha kwanza kinasema wewe ni raia wa Marekani. Mtu mwenye haraka hutia alama hapo ili maswali yaishe. Kwenye ofisi ya leseni ya udereva nako, kwa sheria ya 1993, katika majimbo mengi karani lazima akuulize kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Watu huitikia ndiyo wakidhani ni sehemu ya leseni. Kujiita raia kwa uongo, tangu 30 Septemba 1996, kunakufungia makaratasi maisha, na hata kuoa raia hakukufungui. Mtu ana grini kadi safi, miaka 5 imetimia, anaomba uraia, faili linafunguliwa na kisanduku kinaonekana. Kama hujaelewa swali, usitie alama. Uliza.

Sasa najua ni rahisi mtu aliyekwisha kuvuka kumwambia mwingine asivuke, na hilo linaniuma. Ningependa ubaki umalizie hapo kazi uliyoianza. Lakini kama moyo umeshaondoka, basi omba Kanada ukiwa nyumbani, kwa jina lako. Mpango unaitwa Express Entry, unaowapanga waombaji kwa alama, na kuingiza wasifu wako hakuhitaji wakala. Una miaka 27, na alama za umri ziko juu kabisa kati ya 20 na 29, kisha zinashuka kila mwaka. Fanya IELTS, mtihani wa Kiingereza, ile ya General Training. Ukifanya ya Academic umetupa hela, hawaipokei. Matokeo yanadumu miaka 2. Vyeti vifanyiwe tathmini, na hapo wengi hukwama kwa sababu chuo ndicho kinachotakiwa kutuma alama moja kwa moja. Ukituma wewe vinarudi. Fuatilia kwa msajili mpaka bahasha itoke. Fedha za kujikimu ni zaidi ya dola 15,000 za Kanada kwa mtu mmoja, ziwe zako. Za kuazima kwa kuonyesha tu hazikubaliki. Mkoa ukikuteua unaongezewa alama 600. Barua ya ajira haina tena alama tangu 25 Machi 2025, kwa hiyo yeyote anayekuuzia "barua ya kazi ya kuongeza pointi" anakuibia mchana. Quebec wana uteuzi wao wenyewe tangu makubaliano ya 1991, na wanataka Kifaransa. Ndugu zetu wa Bukavu wana nafasi pale, wewe huna.

Inaweza kuchukua mwaka na zaidi. Inaweza isikubali.

Mwambie mama yako ada ya IELTS nitailipa mimi, moja kwa moja kwa kituo cha mtihani, na ya tathmini ya vyeti pia. Nitumie picha ya ukurasa wa pasi yako na nakala ya alama za chuo kabla ya Ijumaa. Ya wakala sitatuma, hata dada akinililia kwenye simu.