Mtoto anajua kunawa mikono, shida ni sabuni iko wapi

Muulize mtoto yeyote wa gredi ya 3 hapa Kayole mikono inaoshwaje, atakuonyesha vizuri kabisa, viganja, katikati ya vidole, kidole gumba, sekunde 20, hayo yote yamebaki shuleni tangu enzi za korona. Alafu kengele ya break inalia na huyo huyo mtoto anatoka choo mbio, anapangusa mikono kwa sweta na anashika andazi. Kwa hivyo wazazi wenzangu, tuache kudhani watoto hawajafundishwa. Wamefundishwa sana!

Mimi niko kamati ya wazazi na nimekaa pale karibu na mifereji nikiangalia. Asubuhi mwalimu anaweka kipande cha sabuni, saa nne hakiko, kimebebwa ama kimeanguka kwa matope, sasa inabidi afungie sabuni ofisini, na niambie ni mtoto gani wa miaka 8 ataenda kubisha ofisi ya walimu aombe sabuni akijua break ni fupi na wenzake wameshaanza kucheza. Hakuna. Dawa yetu imekuwa chupa ya soda ya lita moja na nusu, maji, sabuni ya unga kidogo, unatikisa, unatoboa kifuniko na msumari, unaifunga na kamba hapo kwa mfereji. Hakuna mtu anaiba maji ya sabuni. Na ifungwe chini, mtoto wa PP1, yule wa chekechea, aifikie bila kubebwa.

Mifereji ikikauka, na mgao wa maji Nairobi tunaujua, kibuyu chirizi cha mtungi wa lita 5 kinatosha, unakanyaga kijiti maji yanatoka kidogo kidogo bila kushika kitu.

Kule Bangladesh kuna shule mbili za msingi walichora nyayo za rangi kutoka choo mpaka mahali pa kunawa, na alama za mikono hapo kwenyewe. Utafiti ulitoka 2016: watoto waliokuwa wananawa kwa sabuni wakitoka choo walikuwa 4 kwa 100, baada ya wiki 6 wakawa 74. Hakuna somo la ziada walipewa, ni njia iliyotengenezwa kutoka choo na rangi juu yake. Mkebe mmoja wa rangi kweli unatushinda?

Kitu kingine ni kuigana. Mtoto anaangalia prifekti, anaangalia mwalimu wa zamu, na nyumbani anakuangalia wewe, kama unanawa kabla ya ugali lakini chapati unaikula hivyo hivyo, ataifuata hiyo ya chapati. Na ukitaka akumbuke wachana na hadithi za bakteria, mwambie kinyesi kutoka choo kiko kwa hilo andazi. Kinyaa kinashika kuliko kuogopa kipindupindu ambacho hajawahi kukiona.

Mtoto anayehara abaki nyumbani, najua mama wa kibarua akikosa siku amekosa chakula, hapo jirani asaidie.

Mkutano ujao wa wazazi uliza sabuni inanunuliwa na pesa gani na nani anajaza mtungi maji yakipotea. Kwetu kila gredi inachukua mwezi wake, mzazi analeta pakiti ndogo ya sabuni ya unga, na mtungi unajazwa na watoto wa gredi ya 6 kabla ya gwaride.