Kompyuta ya ETABS: anza na RAM na prosesa

Ndugu, umeuliza kama laptop yenye RAM ya GB 8 itatosha kuendesha ETABS, programu ya kuchambua uimara wa majengo, kwa jengo la ghorofa 12, na kama fedha itakayobaki uiweke kwenye kadi ya michoro. Kadi hiyo iwe ya mwisho, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuonyesha na kuzungusha modeli kwenye skrini, ilhali milinganyo yenyewe hutatuliwa na prosesa ikisaidiwa na RAM. RAM ikijaa, Windows huhamishia data kwenye diski na hesabu ya dakika chache huanza kujikokota. Niliwahi kuona matumizi ya diski yameganda kwenye asilimia 100 huku prosesa ikikaa karibu bure, na dawa ikawa kuongeza RAM hadi GB 32. Wewe anza na GB 16, mradi mashine iwe na nafasi ya kuongeza, pamoja na SSD (diski ya kasi), maana uchambuzi wa tetemeko wa hatua kwa hatua huandika mafaili makubwa mno. Kwenye prosesa, tazama kasi ya kila kiini (core) kabla ya kuhesabu idadi ya viini, na uziepuke zile za Intel zenye herufi U, ambazo zimeundwa kuokoa betri.