Kabla Hujapaka Nta Baraza la Watu

Jumamosi jioni, pale Mama Ngina, bustani ya ufukweni Mombasa, nilimwona mdogo wetu mmoja wa mchezo wa ubao wa magurudumu (skateboard) akitoa kipande cha mshumaa mfukoni na kuanza kusugua ukingo wa benchi ili ubao uteleze juu yake, ilhali mama mmoja alikuwa ameketi upande wa pili na chupa yake ya chai. Nimechoka kuwapigia kelele, kwa hiyo leo naandika.

1. Beringi za magurudumu huliwa na chumvi ya bahari. Zipanguse na kuzitia mafuta ya cherehani kila wiki, wala usizioshe kwa maji.

2. Magurudumu ya 99A, yaani magumu, ni ya sakafu laini. Kwenye kabro (matofali ya njiani) tumia 78A, yaliyo mororo, kwa sababu ni ile kelele ya magumu inayomwinua askari wa kaunti kitini kabla hata hajakuona.

3. Amkia watu kabla hujauweka ubao chini. Shikamoo moja inaweza kukupa nusu saa ya amani, na hapa inanibidi nikiri langu.

Nilikuwa na miaka 17. Mtaani kwetu Mji wa Kale palikuwa na baraza la mzee mmoja, la saruji iliyopigwa ikalainika, kimo cha magoti, na mimi kwa ujinga wangu nikaona ukingo tu. Ijumaa asubuhi nililipaka nta na kulipitia kwa traki, vile vyuma vinavyoshika magurudumu, mara zisizohesabika, mpaka nta ikachanganyika na vumbi la alumini ikawa masizi mazito. Mzee akarudi kutoka msikitini na kanzu yake nyeupe, akaketi kama kawaida yake. Aliposimama, mstari mweusi ulikuwa umemkata nyuma kutoka nyonga hadi nyonga, na watoto wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa pembeni mwa uchochoro, ubao kwapani, na nikanyamaza.

Lawama ilimwangukia mwenzangu, ambaye siku ile hakuwa hata mtaani. Machoni pa majirani hatukuwa na majina; sote tulikuwa “wale wahuni wa vibao”. Baba yake aliuchukua ubao na haukuonekana tena. Wiki mbili baadaye nilikwenda kwa mzee kukiri, nikiwa nimejiandalia hotuba ndefu, naye akanikatiza: “Nilijua, mwanangu. Kiatu chako kina doa lile lile.” Akanipa kisu na birika la maji ya moto. Nilikwangua mpaka magharibi, na mwenzangu hajanisamehe hadi leo.

4. Mkigombezwa, msianze kueleza kwamba mchezo huu uliingia Olimpiki kule Tokyo mwaka 2021. Ni kweli, lakini mwenye baraza hakuuliza habari za Tokyo.

5. Kama mnataka ukingo wa kuteleza, seremala atawapigia boksi la mbao, mwaongeze chuma cha pembe juu yake. Sisi tunalo moja. Njooni mlibebe, ni zito, na mshumaa ubaki humo ndani.