Maswali ya Wasomaji: Skana Inayonasa Nusu ya Mazungumzo

Swali: Ndugu Mhariri, nimenunua skana ya redio iliyokwisha kutumika, kwa hamu ya kufuatilia kazi za zimamoto, magari ya wagonjwa na polisi wa eneo langu. Ninayoyasikia yananichanganya. Kwenye masafa fulani zimamoto wanauliza njia ya kulifikia jengo, na anayefuatia kusema ni mtu wa mabomba ya majitaka. Masafa mengine yananguruma usiku na mchana bila neno hata moja. Aliyeniuzia anaapa kwamba chombo ni kizima. Je, nimwamini? Na je, kusikiliza kwenyewe kunaruhusiwa?

Jibu: Ndugu msomaji, mwamini, ingawa alipaswa kukueleza zaidi kabla ya kupokea fedha zako.

Skana ni redio ya kupokea tu, nayo hupitia orodha ya masafa kwa kasi kubwa, husimama pale inapokuta sauti, kisha huendelea na safari yake sauti ikikatika. Chombo cha namna hiyo kilitosha kabisa zamani, wakati kila idara ilipokuwa na masafa yake maalumu na maneno yakirushwa kama yalivyotamkwa. Siku hizi idara nyingi katika miji mikubwa hutumia mfumo wa pamoja, ambamo kompyuta moja huyagawa masafa machache kwa watumiaji wengi: afisa anapobonyeza kitufe ili aseme, kompyuta humpa masafa yaliyo wazi kwa muda huo, na mwenzake anapojibu, jibu linaweza kupita kwenye masafa mengine kabisa. Ni kama ofisi yenye vikundi kumi na vyumba vitano vya mikutano, ambayo vikundi vyake huhamishwa chumba kila baada ya sentensi, nawe umetega sikio kwenye mlango mmoja tu. Ndiyo maana swali la zimamoto limejibiwa na mtu wa majitaka. Hawakuwa wakizungumza pamoja hata kidogo.

Ule mngurumo usiokoma, ambao huenda ulitaka kuufuta kwenye orodha, ndio ufunguo wa mfumo mzima. Hayo ni masafa ya uongozi, ambayo kompyuta huyatumia kuziarifu redio zote, bila kupumzika, kikundi kipi kimepewa masafa yapi. Skana iliyotengenezwa kwa ajili ya mifumo ya aina hii husoma maelekezo hayo na kukifuata kikundi kimoja kokote kinakohamishiwa. Tazama kitabu cha maelekezo cha chombo chako. Kama hakitaji uwezo huo, basi hakina, na hakuna kitufe kitakachouleta.

Kuna sauti nyingine utakayokutana nayo, inayofanana na nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Hayo ni mazungumzo ya dijitali, yaani sauti iliyogeuzwa kuwa tarakimu kabla ya kurushwa. Katika Amerika ya Kaskazini mfumo unaotumika sana kwa huduma za dharura huitwa P25, na Ulaya ni TETRA, ambao kwa kawaida uko kati ya megahezi (MHz, kipimo cha masafa) 380 na 400. Skana ya analogia, yaani ile ya kupokea sauti isiyogeuzwa tarakimu, haiwezi kuzigeuza tarakimu hizo kuwa maneno, bali ya dijitali huweza, mradi iwe imetengenezwa kwa ajili ya mfumo huohuo na mazungumzo yawe hayakufungwa kwa usimbaji fiche. Yakifungwa, mlango umefungwa. Anayekuahidi chombo cha kuufungua anawinda pesa zako.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote tena, tafuta kwanza kujua idara za eneo lako zinatumia mfumo gani. Tangu mwaka 2012, wapenzi wa redio wamekuwa wakitumia vipokezi vidogo vya televisheni vinavyochomekwa kwenye kompyuta kama redio za masafa mapana. Ni njia rahisi ya kuyatazama mawimbi kwenye kioo na kuona kama kuna la kusikilizwa, bila kuingia gharama ya skana ya pili.

Kuhusu ruhusa, jibu hubadilika kila unapovuka mpaka. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho inaruhusu kusikiliza mawasiliano ya polisi na zimamoto yanayorushwa wazi, lakini baadhi ya majimbo yanawekea masharti skana iliyomo ndani ya gari. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2006, kumiliki skana si kosa, ila kusikiliza kwa makusudi ujumbe usiokuhusu bila idhini ni kosa, na kuutangaza ni kosa vilevile. Kwa kwenu, iulize mamlaka inayosimamia mawasiliano. Neno la muuza vifaa, au langu mimi, halitakutetea mahakamani.

Hata pale sheria inaporuhusu, naomba uwe na kifua. Jioni moja nilisikia gari la wagonjwa likielekezwa kwa mzee aliyeanguka bafuni: namba ya nyumba, jina la ukoo, na kwamba mlango wa nyuma haukufungwa, vyote vikasomwa hewani kwa utulivu, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Nilizima redio. Isitoshe, taarifa za kwanza hukosewa mara kwa mara. Nimewahi kusikia magari matatu yakitumwa kwenye "moto mkubwa", na baada ya robo saa sauti iliyochoka ikaripoti kwamba ni sufuria iliyosahauliwa jikoni. Aprili 2013, wakati wa msako wa washukiwa wa shambulio la mbio za marathoni za Boston, wasikilizaji wengi walikuwa wakisambaza mtandaoni waliyoyanasa, hata polisi wa mji huo wakalazimika kuwaomba wananchi wasitangaze nyumba zilizokuwa zikipekuliwa, kwa usalama wa askari waliokuwa milangoni.

Swali: Namsikia vizuri mwelekezaji wa kituoni, lakini magari anayozungumza nayo siyasikii. Kwa nini?

Jibu: Mnara wa kituo uko juu na una nguvu nyingi, ilhali redio ya mkononi hurusha wati chache tu, tena kutoka usawa wa ardhi, mara nyingi nyuma ya majengo. Pia inawezekana magari yanatumia masafa tofauti na ya kituo, ambayo hujayaingiza kwenye skana. Kagua hilo kwanza. Kisha badilisha antena fupi iliyokuja na chombo: gawanya 75 kwa idadi ya MHz unazozifuatilia, na utapata urefu wa robo ya wimbi kwa mita. Kwa MHz 155 ni takriban sentimita 48, na kwa MHz 460 ni kama 16. Isimamishe wima karibu na dirisha, mbali na kompyuta na chaja, kwa kuwa hizo nazo zina mkwaruzo wake.